Desemba ya mkodisha viti

Kazi yangu ni kukodisha maturubai, viti na spika. Stoo iko Mwananyamala, usafiri ni kirikuu kimoja chenye vyuma vya kubebea nguzo, na msaidizi ni dogo wa Tandale asiyejua kunyamaza. Mimi ni Mwislamu. Krismasi kwangu siku zote imekuwa msimu wa oda. Mteja akipiga simu nauliza tarehe, saa na idadi ya watu. Watanzania wenzangu hujibu bila kuvuta pumzi: ishirini na tano, saa saba mchana, watu wa kutosha. Wageni waliohamia hapa mjini ndio hunishangaza. Mmoja anataka viti tarehe 5 Desemba jioni, mwingine tarehe 16 saa kumi za alfajiri, mwingine Januari, mwaka ukiwa umeshaanza, na wote wanasema ni Krismasi. Msimu huu niliongeza swali la kwa nini, nikawa naandika majibu kila jioni.

5 Desemba, Oysterbay

Turubai dogo, viti vya watoto, maiki moja. Wenyeji ni familia za Kiholanzi. Nilipoona keki na maputo nilidhani ni bethdei, kumbe huu ndio usiku wao wa zawadi. Anayezileta si yule babu mwenye kitambi wa kwenye matangazo ya soda. Ni askofu mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya uaskofu, fimbo na joho jekundu: Mtakatifu Nikolao wa Mira, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa leo Uturuki, karne ya 4. Sikukuu yake ni tarehe 6, na Waholanzi husherehekea mkesha. Siku za kabla ya hapo watoto huacha kiatu chenye karoti ya farasi wa askofu, asubuhi wakakuta pipi mahali pa karoti. Wajerumani nao huweka buti mlangoni usiku wa leo. Katika hadithi ya Waholanzi askofu hufika kwa meli akitokea Uhispania. Hapa Oysterbay alishuka kwenye bajaji, akalipa nauli mbele ya watoto.

Mama mwenye nyumba hakunificha upande mwingine wa jambo hili. Askofu ana wasaidizi, na kwa miaka mingi Wazungu waliowaigiza walijipaka rangi nyeusi usoni na kuvaa nywele bandia. Limeleta maandamano na ugomvi mkubwa kwao, na miji mingi imeacha. Wasaidizi sasa hupakwa masizi kidogo tu, kana kwamba wamepita kwenye bomba la moshi. Wa leo walikuwa watoto wa shule waliovaa fulana zao za kawaida. Dogo akauliza kama watu hao wangethubutu kupita Tandale na ile rangi. Sikumtafsiria mama.

Waholanzi waliohamia New York walikwenda na askofu wao, na huko Marekani, katika karne ya 19, akanenepeshwa, akavuliwa joho, akapewa kigari cha kuvutwa na kulungu wa nchi za theluji. Kwa hiyo yule babu wa plastiki anayecheza dansi kwenye meza za Wamachinga Mtaa wa Kongo ametoka Uturuki, akapita Uholanzi na Marekani, na sasa anaingia Kariakoo kwa kontena kutoka China.

8 Desemba, Posta

Spika mbili kwa ajili ya kwaya, Azania Front, lile kanisa la Kilutheri lenye vigae vyekundu linalotazama bandari, walilojenga Wajerumani zama za ukoloni. Ni Jumapili ya pili ya Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi. Mbele kuna taji la majani lenye mishumaa minne, miwili imewashwa. Mzee wa kanisa, shikamoo yangu akiwa ameishaipokea, alinieleza kwamba lilibuniwa Hamburg mwaka 1839 na mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini. Watoto walimchosha kwa kuuliza Krismasi itafika lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za kazi, kila siku wakawasha mmoja.

Ni dawa nzuri ya maswali. Ningekuwa nayo Ramadhani iliyopita, kwa ajili ya wanangu, ningepumzika.

13 Desemba, Msasani

Mteja Mswidi alitaka turubai lifungwe usiku, sherehe ianze saa kumi na mbili asubuhi wakati giza bado lipo. Nikamwambia, dada, Dar saa kumi na mbili jua limeshachungulia. Akasogeza hadi saa kumi na moja. Kisha akataja mishumaa, na hapo nikakaza. Turubai la nailoni na mshumaa havikai nyumba moja.

Kumbe mshumaa wenyewe unavaliwa kichwani. Binti anayeongoza msafara huvaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na taji la mishumaa inayowaka, nyuma yake wasichana wengine wa nguo nyeupe na wavulana wenye kofia ndefu zilizochongoka, zimechorwa nyota. Ya leo ilikuwa ya betri, nikashusha pumzi. Binti ni Lucia, bikira wa Siracusa, kisiwa cha Sisilia, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 304. Niliuliza Waswidi wana undugu gani na mtu wa Sisilia. Jibu lilikuwa la kalenda. Kabla Uswidi haijabadili kalenda yake mwaka 1753, watu waliamini usiku wa Lucia ndio mrefu kuliko yote ya mwaka, na kaskazini kabisa mwa nchi yao jua halichomozi siku hizi. Walihitaji mtu wa kuleta taa. Kalenda ilipobadilishwa, usiku mrefu ukaangukia tarehe 21 hivi, Lucia akabaki na tarehe yake.

Walituandalia kahawa na maandazi ya njano yaliyokunjwa kwa umbo la herufi S, zabibu kavu mbili juu. Ni zafarani. Sisi huiweka kwenye biriani na kuilalamikia bei. Wenzetu wanaikandia unga. Dogo alikula manne.

Habari ya moto iliendelea wakati tunafungua nguzo. Mji wao wa Gävle, tangu mwaka 1966, husimamisha uwanjani mbuzi wa nyasi kavu mwenye urefu wa mita 13 hivi, na miaka mingi wahuni wamemchoma moto. Wameweka kamera, uzio na walinzi, bado anaungua. Hao wasinipigie simu kamwe.

16 Desemba, Mikocheni

Wafilipino walitoa oda mwezi Septemba. Nilidhani wamekosea namba. Hawakukosea: kwao nyimbo za Krismasi huanza kusikika madukani Septemba ikiingia, na hakuna anayeona ajabu.

Kazi yenyewe ni ya leo, saa kumi alfajiri, uani kwa mama mmoja aliyeishi hapa muda mrefu na anayesema "jamani" kila sentensi ya tatu. Kwao kuna misa tisa za alfajiri, kuanzia tarehe 16 hadi 24, wanaziita Simbang Gabi. Zilianza enzi za utawala wa Uhispania. Mkulima hakuweza kuacha shamba mchana na jioni alirudi amechoka, basi misa ikawekwa kabla ya kwenda shamba. Wapo wanaoamini kwamba anayezimaliza zote tisa hujibiwa ombi lake. Padre alikuja, wakaimba kwa sauti ya chini kuwahurumia majirani. Wakati wao wako ndani ya turubai, adhana ikalia msikiti wa jirani, mimi na dogo tukatandika msala nyuma ya kirikuu. Hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Juu ya geti walitundika nyota kubwa ya vijiti vya mianzi na karatasi laini za rangi, taa ikiwa ndani. Kila nyumba ya Kifilipino huwa nayo, kukumbuka nyota ya Bethlehemu, na mji wa San Fernando katika mkoa wa Pampanga hushindanisha nyota kubwa mno, zenye maelfu ya taa zinazowaka na kuzima kufuata muziki. Hii ya Mikocheni ilikuwa ya mianzi ya Pugu.

Lakini kilichonichelewesha hadi saa tatu ni jiko. Baada ya misa huliwa bibingka, na mama huyu huipika mwenyewe: unga wa mchele, tui la nazi, sukari na mayai, unamiminwa katika chombo cha udongo kilichotandikwa jani la mgomba. Chombo kinakaa juu ya makaa, kisha kinafunikwa bati na makaa mengine yanapangwa juu ya bati. Nilisimama na kiti mkononi. Hivyo ndivyo bibi yangu, mtu wa Kilwa, alivyopika mkate wa kumimina: mchele uliorowekwa na kusagwa, tui, sukari, iliki, moto chini na moto juu. Nikamwambia. Akataka kujua hamira inakaa muda gani, mayai mnaweka au hamuweki, mfuniko wa bati au wa udongo. Nilimpigia dada yangu simu saa moja asubuhi aje aeleze vizuri, maana mimi mkate huo nilikuwa mlaji tu. Wakaongea robo saa, dada akimwita "mwanangu" ingawa nadhani mama yule amemzidi umri. Tofauti kubwa iko juu: wao hupanga vipande vya yai la bata lililokaa kwenye chumvi, na jibini. Chumvi na sukari pamoja. Dogo alitoa yai, akala mkate.

19 Desemba, Mbezi

Leo hakuna viti. Nimempeleka shemeji stendi.

Shemeji yangu ni Mchaga wa Machame, Mwislamu kama mimi, na Desemba ikifika kumi na tano huwezi kumshika. Wachaga wa dini zote hupanda kwenda Kilimanjaro. Stendi ya Magufuli, iliyochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021, ilikuwa imejaa tangu alfajiri: maboksi ya vitenge, mafuta ya kula, televisheni imefungwa kwa kamba, watoto wamelala juu ya mabegi. Askari wa usalama barabarani wanakagua matairi, watu wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanazunguka na mabango ya nauli elekezi, na wapiga debe wanataja nauli zao wenyewe. Treni ya Moshi, iliyorudishwa mwaka 2019, hujaa mapema pia.

Nilipokuwa kijana nilidhani ni kujionyesha tu, gari jipya na ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima. Shemeji alinieleza tukiwa kwenye foleni ya Kimara. Kila ukoo una kihamba chake, migomba na kahawa, na wazee wamezikwa hapo hapo nyumbani. Watoto wametawanyika na biashara nchi nzima. Siku ambazo wote wanakuwa nyumbani ni hizi za mwisho wa mwaka, kwa hiyo kila kitu kinangoja hapa: ubatizo, kipaimara, kutambulisha mchumba, kugawa shamba, kupatanisha ndugu waliogombana tangu Pasaka. Mbuzi hachinjwi kwa ajili ya Krismasi peke yake. Anachinjwa kwa ajili ya kikao.

Kwa biashara yangu ni hasara, mji unabaki mweupe. Kwa foleni ya Morogoro Road ni neema tupu.

21 Desemba, Upanga

Meza ndefu mbili na viti vya ghorofani, kwa familia ya Kigoa iliyopo Dar tangu zama za Waingereza, babu zao walipokuja kuwa makarani na mafundi cherehani. Goa ilikuwa ya Wareno hadi mwaka 1961, ndiyo sababu ya Ukatoliki wao na majina yao. Kazi ya leo ni ya mikono: wanawake wa koo tatu wamekutana kutengeneza vitu vitamu vya Krismasi kabla ya kuvigawa. Neureos za umbo la nusu mwezi, zimejazwa nazi na kukaangwa. Dodol ya tui, unga wa mchele na sukari guru, inayokorogwa hadi mkono unakataa kazi. Wanapokezana mwiko kwa zamu na hawaruhusu mwanamume aguse. Na bebinca.

Hiyo bebinca ina viini vya mayai, tui, samli, sukari na unga kidogo, na huokwa tabaka kwa tabaka, saba au zaidi, hata kumi na sita. Unamimina tabaka moja, linaiva kwa moto wa juu, ndipo linafuata la pili. Keki moja inakula mchana mzima. Zamani moto ulikuwa wa makaa juu ya kifuniko, leo wana oveni inayowasha upande wa juu. Nilipoona hivyo nikatafuta namba ya yule mama wa Mikocheni, nikaipa familia hii. Kilwa, Goa na Ufilipino wote wana nazi, mchele na kaa la moto juu ya mfuniko, na hakuna aliyejua habari za mwenzake hadi mwenye viti alipopita.

Vitamu vinapangwa kwenye sahani, vinafunikwa kitambaa na kupelekwa kwa majirani. Goa kwenyewe vinakwenda hata kwa Wahindu, nao huirudisha sahani na vitu vyao siku ya Diwali. Ghorofa hii ina Waismailia, Wabaniani na Mzanzibari mmoja mkali wa kuegesha magari. Sahani yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

23 Desemba, Kijitonyama

Mhandisi wa Kijapani: meza moja, viti viwili, taa ndogo za kutundika, baraza ya ghorofa ya nne. Oda ndogo kuliko zote za maisha yangu, nilitaka kuikataa. Kwao tarehe 25 ni siku ya kazi, Wakristo ni wachache, na jioni ya 24 imekuwa ya wapenzi wawili kwenda kula chakula kizuri. Familia hununua keki nyeupe ya krimu na stroberi, na kuku wa kukaanga wa Kentucky, ambaye watu huagiza wiki kadhaa kabla. Hilo la kuku lilitokana na tangazo la kampuni hiyo lililoanza mwaka 1974. Tangazo, basi. Nchi nzima.

Dogo akasema hata chipsi kuku wa Mwananyamala wanahitaji tangazo la namna hiyo.

24 Desemba, Mbezi Beach

Wapolandi. Nilipouliza idadi ya watu, baba mwenye nyumba akasema kumi na wanne. Viti? Kumi na tano. Nikajua anataka cha akiba, nikamwambia huwa naongeza viwili bila malipo. Akasema hapana, ni kumi na tano kamili, na sahani kumi na tano.

Tulipofika tukaona mkewe akitandaza nyasi kavu mezani, juu yake kitambaa cheupe. Nyasi ni za hori alimolazwa mtoto. Sahani ya kumi na tano iliwekwa na uma na kisu na glasi, mbele ya kiti kisicho na mtu. Ni ya mgeni asiyetarajiwa. Kila nyumba ya Kipolandi huweka usiku huu, na akibisha mtu yeyote, hata usiyemjua, unamketisha. Familia nyingine huielekeza mioyoni mwao kwa ndugu waliokufa au walio mbali. Nimekodisha viti maisha yangu yote kwa kuhesabu watu. Sikuwahi kukodisha kiti kwa ajili ya asiyekuja. Nilikitoa kwenye risiti. Yule baba alikataa, akalipa vyote kumi na tano.

Kisha hakuna anayekula. Wanasubiri nyota ya kwanza. Siku nzima wamekaa bila nyama, wengine karibu bila chochote, na chakula kiko mezani: vyakula kumi na viwili kwa idadi ya mitume, hakuna nyama hata kimoja. Supu nyekundu ya bitiruti, vitumbua vya unga vilivyojazwa kabichi na uyoga, samaki. Kwao samaki mara nyingi ni wa bwawani, hapa walipata changu wa Kunduchi. Watoto wakapanda juu ya ukuta kutafuta nyota, na vuli hii mawingu yamekaa juu ya bahari tangu Jumatatu. Nikamuuliza bibi wa familia, shikamoo bibi, mawingu yasipoondoka inakuwaje? Akasema mkubwa wa nyumba anatamka kwamba imetoka. Nikamwambia sisi mwezi usipoonekana tunatimiza siku thelathini, na kila mwaka kuna mtaa unaofungua kabla ya mwingine. Alicheka hadi akashika kiti. Saa moja na dakika chache mtoto akapiga kelele. Mimi niliona taa ya ndege, ila sikusema.

Kabla ya kuketi walimegeana mkate mwembamba mweupe, karatasi kabisa kwa unene, kila mtu akimega cha mwenzake na kumtakia heri, na wenye ugomvi huombana radhi hapo. Mwenye nyumba akaniletea na mimi na dogo. Akatueleza pia jambo ambalo sikulijua nikiwa Mtanzania: wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliokuwa wamehamishiwa Siberia kwa nguvu walipitishwa Uajemi hadi Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1942 watu kama 5,000, wengi wanawake na watoto, waliishi Tengeru karibu na Arusha. Walikuwa na kanisa, shule na mashamba. Makaburi yao yapo hadi leo na yanatunzwa. Bibi alisema Krismasi ya Tengeru lazima sahani za wasiokuwepo zilikuwa nyingi.

Usiku huo huo tulikuwa na spika za mkesha parokia moja ya Sinza. Pango lilijengwa kwa magunia na makuti, mbuzi wawili wa kweli wamefungwa pembeni, mmoja akala makuti. Desturi ya pango inatokana na Fransisko wa Assisi, aliyepanga hori lenye nyasi, ng'ombe na punda katika kijiji cha Greccio mwaka 1223. Nilisinzia juu ya miksa kabla ya mahubiri kwisha.

25 Desemba, Mwananyamala

Saa moja asubuhi mama jirani, Mpare, amenigongea na kuku watatu. Huniletea kila mwaka nimchinjie, kwa sababu pilau yake inaliwa na mtaa mzima na hataki mtu aulize. Nimechinja, nimeoga, nimekwenda kufunga spika za disko toto.

Sijui kama nchi nyingine wanayo. Watoto wamevaa nguo mpya zinazobana, miwani ya jua ya plastiki, mfukoni wana mkono wa sikukuu waliokusanya nyumba kwa nyumba, na wanataka kuumaliza kabla ya magharibi. Mimi hupiga uwanjani tu, nje, mchana. Tangu watoto walipokufa kwa kubanana kwenye ukumbi wa disko Tabora, Idi ya mwaka 2008, polisi huyapiga marufuku ya kumbini kila sikukuu, na wako sahihi. Saa kumi na moja nilizima muziki, nikazomewa na watu wa umri wa miaka saba.

Pilau ilikuwa imefika nyumbani kwenye hotipoti, kachumbari pembeni. Wanangu walitaka Coco Beach. Nikawaambia waangalie foleni ya Kinondoni kwanza.

26 Desemba

Kukusanya viti. Vilivyovunjika vimo. Hakuna anayejua nani alivivunja.

1 Januari, Masaki

Familia ya Kigiriki, wazee wao walikuwa wa mkonge kule Morogoro. Wao Krismasi wameshaisherehekea tarehe 25, lakini zawadi ni leo, na mletaji ni Mtakatifu Vasili wa Kaisaria. Keki yake ina sarafu ndani. Baba anakata vipande kwa utaratibu: cha Kristo, cha Bikira Maria, cha nyumba, cha maskini, halafu watu kwa umri. Sarafu ilitoka kwenye kipande cha nyumba, watoto wakanuna. Sebuleni badala ya mti walikuwa na mashua ya mbao iliyozungushiwa taa, desturi ya visiwani kwao. Ndilo pambo la Krismasi lililonifaa macho kuliko yote msimu huu, na fundi wa Kunduchi angelitengeneza kwa siku mbili.

7 Januari, Kinondoni

Watu wameshasahau, madukani wanaongelea ada za shule, na mimi natandika viti vya Krismasi. Mama wa Kihabeshi alinipigia akasema, "Njoo saa mbili asubuhi." Kwa mgeni mwingine ningeuliza mara mbili, maana wengi wakisema mbili wanamaanisha nane. Yeye hapana. Waethiopia huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi. Saa mbili yake ni saa mbili yangu. Nikafika, chai ipo.

Tarehe ni kazi ya kalenda tena. Ile aliyoiweka Julius Caesar ilikuwa na mwaka uliozidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Ni kidogo, ila katika miaka 128 zinatimia siku nzima. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akaruka siku kumi: baada ya tarehe 4 Oktoba ikaja 15. Makanisa mengi ya Mashariki hayakumfuata, na pengo limefika siku 13. Kwa hiyo Waethiopia na Waeritrea, Wakopti wa Misri, Warusi, Waserbia na Wageorgia wanakuta Krismasi leo. Ukraine ilihamisha sikukuu ya kitaifa kwenda 25 Desemba mwaka 2023, wakati wa vita. Wasipobadili wengine, kuanzia mwaka 2101 itasogea hadi tarehe 8. Kwa mtu ambaye Idi yake hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, hili halikuniumiza kichwa. Dogo aliumia.

Walikuwa wamefunga siku 43, bila nyama, maziwa wala mayai, na jana usiku walikesha kanisani wamevaa mashuka meupe yenye pindo za rangi. Leo ni kufungulia: mchuzi mzito wa kuku na vitunguu vilivyokaangwa muda mrefu mno, pilipili nyekundu, mayai ya kuchemsha ndani, juu ya injera, mkate wao laini, mpana wa sinia nzima. Mama alinilisha tonge la kwanza kwa mkono wake, ni heshima yao, hukatai. Kwao wanaume hucheza mchezo wa fimbo zilizopinda na mpira wa mbao, unaoitwa Genna kwa jina la sikukuu yenyewe. Wanasema wachungaji waliposikia habari ya kuzaliwa walicheza hivyo kwa furaha. Vijana wa hapa walicheza kwa fimbo za mifagio na mpira wa tenisi, wakavunja chungu kimoja cha maua.

Halafu kahawa. Inakaangwa mbele yako, inatwangwa, inachemshwa kwenye birika la udongo, ubani unafuka. Raundi ni tatu na ya tatu ndiyo ya baraka. Kuondoka kabla yake ni utovu wa adabu. Dogo alikuwa ameshaanza kukunja viti baada ya kikombe cha kwanza. Nilimrudisha chini.

Katika kikombe cha pili mama akaanza kueleza sikukuu inayofuata, Timkat ya tarehe 19, ya ubatizo wa Yesu. Mkesha wake, kila kanisa hutoa tabot yake, mfano wa mbao za Amri za Musa, imefunikwa vitambaa vya thamani isionwe na mtu, makuhani wanaibeba kichwani hadi karibu na maji, na inalala usiku kucha ndani ya turubai. Hapo nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza turubai lenyewe ni la futi ngapi kwa ngapi, na nguzo zake ni za chuma au za mti. Akasema hajawahi kulipima, ila Addis Ababa, kwenye uwanja wa Jan Meda, yanasimamishwa mengi pamoja, na watu hukesha hapo wakiimba hadi alfajiri. Akamgeukia kaka yake, wakajadiliana kwa Kiamhari kirefu kuhusu nguzo, na kikombe cha tatu kikapoa.